Seva yenye adabu nyingi

Mwaka 2016 nilikuwa nafanya kazi kwenye studio ndogo ya kutengeneza vipindi vya redio. Makao yalikuwa Dar es Salaam, na Unguja tulikuwa na chumba kimoja Mji Mkongwe, juu ya duka la vitambaa, ambamo dada mmoja alirekodi na kuhariri peke yake. Sauti zake zilivuka bahari ndani ya diski ya nje iliyoviringishwa kwenye soksi, mkononi mwa mzee wetu mmoja aliyepanda boti kila wiki kwa shughuli za ofisi. Utaratibu ule haukuwa mbaya. Ubaya ni kwamba na sisi wa Dar tulikuwa tunahariri mafaili yaleyale. Diski ikifika, unakuta faili lenye jina lilelile limeshaguswa huku, limeguswa na kule, na hakuna anayejua lipi libaki.

Ndiyo maana rsync, programu ya kunakili mafaili kutoka mashine moja kwenda nyingine, haikutufaa, ingawa naipenda mpaka leo. Rsync inatazama upande mmoja: inachukua chanzo, inalinganisha na kule kunakopelekwa, inatuma tofauti. Ukiiendesha kutoka Unguja kuja Dar, kisha ukaigeuza, kazi ya mmoja inafunikwa na ya mwenzake kimyakimya. Sisi tulitaka programu inayokumbuka hali ya mwisho ambayo pande mbili zilikubaliana, ili ikiona faili limebadilika ijue limebadilikia wapi. Nikachagua Unison, iliyoanzishwa na Benjamin Pierce na wenzake kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Kumbukumbu hiyo inaiweka katika kila mashine, kwenye folda iliyofichwa iitwayo .unison. Na faili kubwa likibadilika kidogo, haitumi lote. Inatuma vipande vilivyobadilika tu, kwa mbinu ileile ya rsync. Kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Nusu saa ya sauti ya WAV, stirio, inapita MB 300, na chumba cha Unguja kilikuwa kinaishi kwa modemu ya simu na bando la usiku.

Kabla ya yote ilibidi kuamua nani awe seva, yaani mashine inayopigiwa, na nani awe mteja, anayepiga. Watu hudhani seva ni ile mashine kubwa. Mashine yetu kubwa ilikuwa laptopu mpya ya dada wa Unguja, lakini modemu yake haikuwa na anwani yake yenyewe ya intaneti. Kampuni ya simu ilikuwa inawakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo ukiwa nje huna namna ya kumfikia mmoja wao. Inaweza kupiga, haiwezi kupigiwa. Dar tulikuwa na laini yenye anwani isiyobadilika. Basi kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza ya mhasibu, yenye mfumo wa Ubuntu 14.04 na feni inayolia, ikapewa useva, na laptopu mpya ikawa mteja.

Fundi aliyetufungia ruta alinishauri nitumie njia ya soketi. Unaiwasha Unison kwenye seva, unaipa namba ya poti, inakaa inasubiri mteja. Ni rahisi, sikatai. Lakini njia hiyo haiulizi paswedi na haifichi kinachopita, na mwongozo wa Unison wenyewe unaonya waziwazi kwamba yeyote anayeweza kuifikia poti ile anaweza kusoma mafaili yako.

“Nani atajua kama ipo?” fundi akaniuliza.

Nikamfungulia logi ya seva nyingine niliyokuwa naitunza, iliyokuwa imewekwa wazi kwenye intaneti: majaribio ya kuingia yalikuwa yamemiminika usiku kucha, mengi kwa jina la root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, kutoka mashine ambazo hazikuwa na habari sisi ni nani. Akacheka, akasema sawa bosi, twende na ssh.

Kwa ssh, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali, hakuna Unison inayokaa mlangoni. Mteja anaingia kwenye seva kama mtumiaji wa kawaida, anaiamsha Unison iliyopo kule, na mazungumzo yote ya Unison hizi mbili yanapita ndani ya muunganisho uliosimbwa. Wakimaliza, ile ya seva inajifunga. Kwenye ruta tulifungua poti moja tu ya ssh, ufunguo wa umma wa dada ulinifikia kwa barua pepe nikauweka mahali pake, na paswedi tukazizima kabisa. Mafaili ya zamani yalivushwa mara ya mwisho kwa diski na mzee wetu, ili pande zote zianze zikiwa karibu sawa. Kutuma hazina yote ile kwa modemu kungekula bando la mwaka.

Ikafika jioni ya kuunganisha. Mimi nilikuwa Dar, nimepiga magoti mbele ya ile kompyuta ya mhasibu. Yeye Unguja, simu ameiweka spika.

“Habari za saa hizi, dada?”

“Nzuri kaka. Nishafungua hicho kidirisha cheusi. Niandike nini?”

Nikaanza kumsomea. Unison, nafasi, njia ya folda yake, nafasi, halafu ssh, nukta mbili, mkwaju, mkwaju, dar. Hilo dar lilikuwa jina la mkato nililomwekea kwenye mipangilio ya ssh, asihangaike na anwani na namba ya poti. Kisha mkwaju.

“Mmoja au miwili?”

“Hapo miwili.”

“Miwili si nishaweka kabla ya dar?”

“Na baada yake miwili pia.”

Mikwaju hii imewatesa wengi. Baada ya jina la seva, mkwaju mmoja unamaanisha uanze kuhesabu kutoka folda ya nyumbani ya mtumiaji. Miwili inamaanisha uanze kwenye mzizi wa diski. Ukiweka mmoja pale panapotakiwa miwili, Unison haigombi. Inakuta kule hakuna folda kama hiyo, basi inapendekeza kwa upole kabisa kwamba folda yako nzima ivuke ikaanze maisha mapya, kana kwamba upande wa pili ni jangwa.

Akabonyeza. Kimya kidogo.

“Kaka, imekataa.”

“Inasemaje?”

“Inasema ilitarajia Unison 2.48, lakini imepokea... khaa! Imepokea Karibu.”

“Imepokea nini?”

“Karibu. Karibu kwenye seva ya ofisi. Halafu inasema tofauti imeanzia kwenye K. Sasa seva yako inanikaribisha, inanifukuzia nini?”

Nilikaa chini sakafuni. Ujumbe ule wa kosa ni mrefu na wengi wanauruka, lakini ni mmoja wa ujumbe bora wa makosa niliowahi kukutana nao. Unakwambia ulichotarajiwa, kilichofika, na mahali viwili hivyo vilipoachana. Kisha unataja sababu tatu zinazowezekana: matoleo tofauti, muunganisho unaoshindwa huku mtu akichapisha kosa, au sheli, programu inayopokea amri, ya upande wa pili inayosema kitu chake kabla ya Unison kuanza. Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa inatutazama usoni.

Aliyeiandaa kompyuta ile kabla yangu alikuwa mtu wa watu. Kwenye faili la .bashrc, ambalo sheli hulisoma inapoanza, alikuwa ameandika mistari inayomsalimu kila anayeingia na kumwonyesha diski imejaa kiasi gani. Kwa binadamu ni jambo zuri. Hata mimi nilikuwa nimeshazoea kusalimiwa. Ila Ubuntu, mwanzoni kabisa mwa .bashrc, inaweka mistari michache inayouliza: je, kuna mtu kwenye kibodi? Kama hakuna, toka, usifanye lolote. Bwana yule salamu zake alizipachika juu ya mistari hiyo. Kwa hiyo zilitoka kwa kila anayeingia, mtu au programu. Na Unison ikiunganishwa inasikiliza herufi za kwanza tu kutoka upande wa pili, moja baada ya nyingine. Zisipokuwa jina lake na namba ya toleo, inakata.

Kuna kipimo kifupi cha jambo hili ambacho mwongozo wa rsync unakifundisha, na kinafaa kwa programu yoyote inayosafiri ndani ya ssh. Unaiamuru seva itekeleze amri ya true, ambayo kazi yake ni kutofanya kitu, na unaelekeza majibu kwenye faili. Njia ikiwa safi, faili linakuwa na baiti sifuri. Nilikifanya kwenye laptopu yangu, nikafungua faili: salamu ile, na chini yake jedwali zima la df, amri ya kuonyesha diski zimejaa kiasi gani, diski baada ya diski.

Sikuifuta. Niliikata kwa nano, programu ndogo ya kuhariri maandishi, nikaibandika chini ya ile mistari ya Ubuntu, nikahifadhi. Kipimo kikarudisha sifuri.

“Jaribu tena, dada.”

“Nabonyeza mshale wa juu?”

“Mshale wa juu, halafu enta.”

Akaanza kusoma, na sauti yake ikashuka njiani. “Ni lilelile, kaka. Ilitarajia Unison 2.48, imepokea Unison 2.40.”

Nilifurahi mpaka mhasibu, aliyekuwa bado anafunga hesabu zake, akageuka. Mara ya kwanza zilikuwa zimeachana kwenye herufi ya kwanza kabisa. Sasa zilikuwa zimekwenda pamoja herufi kwa herufi mpaka tarakimu ya mwisho. Unison ya Dar ilikuwa imeamka na inasema. Kilichobaki ni umri: laptopu yake ilikuwa na Ubuntu 16.04, iliyokuja na Unison 2.48, na seva ya Ubuntu 14.04 ilikuwa na 2.40, na zamani zile matoleo mawili kama hayo hayakuelewana kabisa.

Ningeweza kuchukua msimbo wa 2.48 na kuujenga upya kwenye seva, lakini kulikuwa na mtego mwingine. Unison imeandikwa kwa lugha ya OCaml, na wakati huo hata matoleo mawili yenye namba moja yaliweza kugombana kama yamejengwa kwa OCaml tofauti, kwa kuwa data ilifungashwa kwa namna ya kompaila yenyewe, programu inayogeuza msimbo kuwa programu. (Jambo hilo lilikuja kurekebishwa kwenye toleo la 2.52, mwaka 2022. Tuliokuwepo kabla tunajua tulichopitia.) Njia fupi ilikuwa kuchukua programu yenyewe ya seva, ile binari, na kumpelekea. Iliyojengwa kwenye mfumo wa zamani kwa kawaida inakubali kwenda kwenye mfumo mpya. Mpya kwenda zamani ndiyo inayogoma. Akaivuta kwa scp, amri ya kunakili mafaili kupitia ssh. Ilikuwa ndogo, hata bando halikuhisi. Nikamsomea namna ya kuiita hiyo badala ya ile ya kwake.

Safari hii hakusoma kitu kwa muda mrefu.

“Inasema haikuona kumbukumbu, ni mara ya kwanza, itachukua muda. Nikubali?”

“Kubali.”

Ikaanza kupitia mafaili yote, pande zote mbili, na kukokotoa alama ya kila moja. Chini ya meza feni ikapandisha sauti. Akasema anakwenda kupasha chai. Nikamsikia anaondoka, kisha nikawa nasikiliza chumba chake na pikipiki zilizokuwa zinapita chini. Mhasibu akanifungulia dirisha, akaniachia funguo, akaenda zake.

Aliporudi kulikuwa na orodha. Mafaili yaliyofanana hayakutajwa. Yaliyokuwepo upande mmoja tu yalikuwa na mshale wa kuonyesha yanakotaka kwenda, na hayo alikubali moja moja bila neno. Katikati likatokea lenye mishale miwili na alama ya kuuliza.

“Hili la Nungwi lina nini?”

Yalikuwa mazungumzo na fundi wa majahazi. Yeye alikuwa amelihariri, na mimi nilikuwa nimelihariri. Kwa kuwa hakukuwa na kumbukumbu ya nyuma, Unison haikuwa na msingi wa kupendelea upande wowote, ikauliza.

“Mimi nilisafisha mwanzo,” nikamwambia. “Kulikuwa na kelele.”

“Kelele gani?”

“Nyundo. Dakika nzima watu wanagonga.”

“Kaka, yule ni fundi wa majahazi. Unamtaka agonge nini?”

Nikanyamaza. Nikamwambia abonyeze alama ya kubwa kuliko, ile inayoelekea kulia, maana yake la kwake ndilo lije Dar. Akabonyeza, na mwishoni programu ikamuuliza kama iendelee. Nikamwomba anisubiri kidogo nihifadhi nakala yangu kwa jina jingine, nje ya folda.

“Hifadhi,” akasema, “lakini hiyo nakala yako usije ukaipeleka redioni.”

Nikanakili, nikamwambia tayari, akabonyeza y. Kipindi kilirushwa na nyundo zake zote.