Jicho jeupe kwenye picha ya Idi

Picha niliipiga mwenyewe usiku wa Idi, kwa simu, flashi ikiwaka. Watoto sita mkekani, macho yamewaka mekundu, kawaida ya flashi. Isipokuwa mtoto wa kaka yangu, miaka miwili na nusu: jicho la kulia jekundu, la kushoto jeupe kama la paka aliyemulikwa na gari.

Wifi alikuwa ameshaliona. Zahanati walimpa dawa ya matone. Jirani naye alishatoa jibu: husuda.

Mimi nafundisha baiolojia. Kila mwaka nachora ubaoni protini iitwayo Rb, na kila mwaka wanafunzi wanasinzia. Rb kazi yake ni kumshika mwenzake, E2F, asiwashe jeni za kunakili DNA. Seli ikitakiwa kugawanyika, vimeng'enya huibandika Rb fosfeti, moja juu ya nyingine, hadi ilegee. E2F inachoropoka, kazi inaanza. Rb ikikosekana, hakuna wa kushika breki, seli zinagawanyika tu. Na hilo jina Rb ni kifupi cha retinoblastoma, saratani ya jicho la watoto. Miaka yote hiyo sikuwahi kulieleza darasani!

Kwenye benchi la hospitali ya rufaa wifi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, nimempa mimi?"

Nikamsimulia habari za Alfred Knudson, Mmarekani aliyechambua wagonjwa 48 wa saratani hii na kuandika matokeo yake mwaka 1971. Jeni ya Rb iko kwenye kromosomu ya 13, na kila mtu anazo nakala mbili, ya mama na ya baba. Ili saratani ianze, lazima zote mbili ziharibike katika seli moja. Mtoto akizaliwa na moja mbovu tayari, huugua mapema, mara nyingi macho yote mawili. Jicho moja, mara nyingi zote mbili zimeharibika humo humo jichoni, hakurithi kwa mtu.

"Mara nyingi," akarudia. Hakupitwa na neno.

Ndiyo maana daktari alitaka na mdogo wa mtoto huyo aletwe, akachunguzwa macho akiwa amelazwa usingizi. Hakukutwa na kitu, ataendelea kurudi.

Jicho la kaka mtu lilitolewa, akawekewa la bandia. Juzi kalichomoa akalitumbukiza kwenye kikombe changu cha chai, na nilikuwa sijamaliza.