Mashine ikisema imemaliza

Jioni hii kijana mmoja wa mtaa wa Birere ameniletea DVD yake, amenuna. "Yaya, hii diski haiwashi kompyuta. Na mashine ilisema imemaliza!" Nimeifungua: ndani kuna faili moja tu, ISO yenyewe, yaani faili lililobeba nakala ya diski nzima. Ameihamishia mle kama anavyohamisha wimbo. Programu inapaswa kuambiwa ichome taswira ya diski, iifungue ISO na kuandika kila kitu mahali pake, pamoja na ile sehemu ambayo kompyuta huitafuta inapowaka. Hilo halinichoshi, ni suala la kubofya penyewe.

Yanayonichosha ni yale yasiyoonekana. Hapa Goma wengi hulifuata faili kubwa kwa mwenye intaneti nzuri, wakarudi nalo kwenye flashi. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, ila angalau yenyewe inakataa waziwazi. Ubaya ni flashi iliyochomolewa haraka: jina lipo, ukubwa upo, ndani kumeharibika. Kwa hiyo kwanza nalinganisha namba ya SHA-256, ile inayokokotolewa kutoka kwa yote yaliyomo kwenye faili, na ile waliyoitoa wenye faili. Herufi moja ikipishana, sichomi, hata mtu alie vipi na franga zake za megabaiti.

Mama mmoja wa kwaya aliwahi kunigombeza kwa sababu ya ukubwa. Kwenye DVD wameandika GB 4.7, Windows huhesabu kwa 1024 badala ya 1000, ikaonyesha kama 4.37. "Mwanangu, nafasi yangu nyingine umeipeleka wapi?" Nikaibana video yake kidogo, ikaenea. Maelezo yangu sidhani kama yalimwingia.

Halafu vumbi letu hili jeusi la volkano. Likikaa kwenye lenzi, diski inaandikwa vizuri kuanzia katikati, ikikaribia ukingoni inaanza kukwama. Nasafisha lenzi, nashusha kasi ya kuandika kutoka 16x hadi 8x, tena natumia laptopu yenye betri nzima, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, DVD-R hiyo, ambayo huandikwa mara moja tu, ni ya kutupa.

Mwisho naiacha programu iisome diski yote na kuilinganisha na ISO. Dakika hizo wateja hawazipendi kabisa. Wanasimama mlangoni, funguo za pikipiki mkononi: "Yaya, si imeshamaliza?" Silipishi kazi hiyo, ila diski haitoki kwangu kabla haijasomwa.