Mauntingi za Subaru yangu na ile miezi minne ya kinu cha posho

Mwendesha boda aliyesimama kando yangu kwenye taa za Nakawa alitazama boneti, akanitazama mimi, akasema, "Nnyabo, hili gari lina malaria." Nilicheka, ila hakukosea. Impreza WRX yangu ya mwaka 2003 ilikuwa inatetemeka mpaka rozari iliyoning'inia kwenye kioo cha ndani inacheza yenyewe. Na kila nikiachia klachi, kitu kinagonga huko chini: dup! Kama mtu anayefunga mlango wa stoo kwa teke.

Fundi wangu ni Mkongo wa Bunia, kazi yake anaifanyia chini ya mwembe kule Kireka. Aliniambia nivute hendibreki, nikanyage breki, niingize gia ya kwanza kisha niachie klachi kidogo tu, yeye akiwa kasimama pembeni, boneti iko wazi. "Mama, moteri inaruka." Tukabadilishana nafasi. Nikaiona kwa macho yangu: injini inanyanyua pua kama ng'ombe anayenusa mvua, halafu inarudi chini kwa kishindo.

Mauntingi, vile vishikizo vinavyobeba injini, ni kitu cha kawaida sana: chuma juu, chuma chini, mpira katikati umegandishwa navyo. Ya kulia ilikuwa imebanduka. Sarafu ya mia ingepita kwenye ule ufa. Ya kushoto ilikuwa mbaya zaidi. Niliibonyeza kwa kucha na kucha ikaacha alama, mpira umevimba na kulainika kama chapati iliyolala kwenye mafuta. Na kweli ilikuwa imelala kwenye mafuta. Injini ya Subaru imelazwa, silinda mbili kila upande, kwa hiyo gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa vali) ikichoka, oili inadondokea eksosi na mauntingi. Mpira wa asili na oili havipatani. Usiponunua gasketi siku hiyohiyo, jua umenunua mauntingi za kwenda kuziloweka.

Basi nikaenda Kisekka, soko la spea za magari la Kampala. (Kisekka ukifungua mdomo kwa Kiswahili unahesabiwa Mkenya, na Mkenya anadhaniwa ana hela. Mimi ni wa Malaba, upande wa Uganda, lakini nani atakusikiliza?) Za mtumba kutoka Japani zilikuwepo tele, zimefutwa vumbi, zinang'aa. Nilizigeuza moja moja. Zote zilikuwa na nyufa nyembamba pale mpira unapokutana na chuma. Nilijiuliza, mpira uliokaa miaka ishirini chini ya turbo ya mtu mwingine una nini cha kunizidi mimi? Nikaondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoingia. Huyu kijana huwezi kumwambia neno msimu wa mbio za magari za Pearl of Africa Rally ukifika. Akaniambia, "Senga, mpira ni wa teksi. Weka poliyurethani." Akanionyesha mauntingi nyekundu za hiyo plastiki ngumu, ugumu wa 85 kwenye kipimo cha mpira kiitwacho Shore A, akaapa kwamba gia zitaingia kama kisu kwenye parachichi. Nikatoa hela.

Gia ziliingia, sitamnyima haki yake. Ile dup ikafa. Ukikanyaga mafuta, gari linaondoka hapo hapo bila kujifikiria. Lakini likisimama kwenye foleni, gari zima likawa kinu cha posho, kile cha kusagia mahindi. Kioo cha ndani kilikuwa kinatetemeka hata sikuweza kusoma namba ya gari lililo nyuma yangu. Mama yangu nilimpakia mara moja tu, kutoka Jinja. Tulipofika Mukono akaomba ashuke apande matatu.

Miezi minne nilivumilia kwa sababu nilijiambia ndiyo gharama ya gari la mbio. Halafu fundi akaniuliza swali ambalo mpwa wangu hakuniuliza: "Mama, wewe uliwahi kuliendesha likiwa na mpira muzima?" Sikuwahi. Nililinunua likiwa tayari limechoka. Nilikuwa nimelinganisha plastiki mpya na mpira uliokufa, halafu nikaupa ugumu sifa zilizokuwa za upya.

Akanionyesha kingine. Juu ya giabox kuna mkono mfupi wa chuma unaoshikana na ukuta ulio nyuma ya injini, una mpira kila ncha. Unaitwa pichi-stopa. Kwenye Subaru difu ya mbele, gia zinazogawia magurudumu nguvu, imo ndani ya giabox, kwa hiyo magurudumu yakisukuma barabara, injini na giabox vinataka kubinuka mbele na nyuma, na mkono huo ndio unaovizuia. Mipira ya ule wangu ilikuwa imekauka, tundu limekuwa la yai. Kazi ya kuubadilisha ni ndogo. Ningeanzia hapo, sehemu kubwa ya ile miruko ingepungua kwa bei ndogo.

Kwa hiyo nikaagiza mpira mpya wa kiwandani, kulia na kushoto pamoja, maana ukibadili mmoja, ule mzee unabeba aibu peke yake. Nilifikiria zile za Group N (daraja la magari ya rali) za STI, kitengo cha mbio cha Subaru, ambazo ni mpira vilevile ila mgumu zaidi, na kama ningekuwa naendesha wikendi tu ningezichukua. Mimi napita matuta ya Kireka mara mbili kwa siku. Poliyurethani nimeiweka kwenye pichi-stopa mpya tu. Fundi aliweka ubao juu ya jeki asitoboe sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, akanyanyua injini kidogo, na nati za mwisho hakuzikaza mpaka uzito wote ulipokuwa umerudi kwenye mauntingi.

Sasa kuna mngurumo mdogo sakafuni injini ikipita mizunguko 2,000 kwa dakika, unatoka kwenye ile pichi-stopa. Naupenda. Rozari imetulia. Zile nyekundu nimezifungia kwenye boksi la viatu, na mpwa wangu amekuja kuziulizia mara mbili, anataka nimpe bure kwa sababu yeye ndiye "aliyenifundisha".