Machozi kwenye taa

Kucha zangu bado nyeusi. Thina imetoa ilichoweza, kilichobaki kitatoka chenyewe. Leo nimeifunga taa ya mbele ya gari langu, ya upande wa kulia, kwa mara ya pili, na naandika kabla sijasahau nilikosea wapi.

Nilichotaka ni kidogo tu: ile fremu ya kromu inayozunguka balbu ndani ya taa ya mbele, niigeuze iwe nyeusi isiyong'aa. Nilidhani kazi ni kupuliza rangi. Kumbe kupuliza ni dakika chache, siku nzima inaliwa na mengine.

Kufungua taa ndiko kulikonitia hofu. Lenzi hushikwa na gundi nyeusi ya mpira ambayo haijui nguvu, inajua joto. Nilitoa balbu na skrubu zote, nikaiweka taa kwenye oveni kuukuu isiyopikiwa tena, nyuzi 90 hivi, dakika nane. Nikapenyeza bisibisi bapa pembeni na kuvuta taratibu, gundi ikirefuka kama ulimbo. Gundi ikipoa ukiwa bado unavuta, vishikio vya plastiki vinakatika. Kimoja kilinikatikia.

Kile kikombe kinachoakisi mwanga sikukigusa. Ndicho kinachoutupa mwanga barabarani. Ukikipaka rangi umebaki na pambo. Hata kukifuta ni hatari, maana utando wake wa alumini ni mwembamba kiasi kwamba kitambaa laini kinauchubua. Bahati nzuri fremu hufunguka peke yake kwa skrubu tatu. Nikaikwangua kwa msasa namba 600 wa maji mpaka kromu ikapoteza mng'ao, nikaifuta kwa spiriti, kisha praima ya plastiki, ile rangi ya msingi inayotangulia, mkupuo mmoja mwepesi.

Halafu bunduki ya kupulizia rangi. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye maboksi jioni tatu nzima: ncha ya milimita 1.3, upepo bar 2, na vile vizibo vya kuzungusha, kimoja cha rangi, kimoja cha upana wa mpulizo, kimoja cha upepo. Kwenye boksi nilikuwa bingwa. Boksi ni bapa, lakini. Fremu ya taa ni mashimo na kona tupu, na mimi kila nilipofika konani nilisimama kidogo, kidole kikiwa bado kimebana. Rangi ikajaa, ikaanza kushuka. Mafundi huita machozi, na kweli ilikuwa inalia.

Fundi aliyeniazima bunduki alipita kuangalia. Akacheka. "Kijana, unapaka taa au unamwagilia bustani?"

"Nimeikaribia sana, mzee?"

"Umeikaribia, halafu unazungusha kiwiko kama unapunga feni. Mkono utembee sambamba na kitu. Bana kabla hujakifikia, achia ukishakipita."

Nilikuwa nikibana nikiwa tayari juu ya plastiki. Hapo ndipo kosa lote lilipokuwa. Sasa mkono unaanza kutembea hewani, rangi inatoka kabla ya ukingo, inaisha baada ya ukingo, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kila mpito unafunika nusu ya uliotangulia. Mkupuo wa kwanza unaonekana kama umekosea, madoamadoa tu, plastiki inachungulia. Inataka moyo kuuacha hivyo dakika kumi ukauke kidogo. Wa pili na wa tatu ndiyo inayofunika. Niliyasaga machozi yote siku iliyofuata, nikaanza upya.

(Barakoa ya kitambaa haifai hapa. Rangi yenye hadina, ile dawa ya kuigandisha, ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na kinachofaa zaidi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba; yenye vichujio vya mvuke na chembe ndiyo ya chini kabisa, mlango ukiwa wazi. Niliambiwa mapema, nashukuru.)

Rafiki yangu ameshaniomba nimtilie taa za nyuma weusi. Nimekataa. Taa ya breki ikififia, aliye nyuma yako anachelewa kuiona, na nchi nyingi sheria hairuhusu.

Basi fremu ikatoka safi, nyeusi ya kuvutia, nami nikashindwa kungoja. Jioni ileile nilirudisha lenzi, nikaibana, nikapiga picha. Siku mbili baadaye, jua la mchana likiipiga taa, nikaona ukungu mweupe ndani ya lenzi. Siyo maji. Ni mvuke wa rangi ambayo ilikuwa haijamaliza kukauka. Ulikosa pa kutokea, ukagandia kwenye lenzi. Oveni tena, bisibisi tena, vishikio vilivyobaki nikiviombea dua. Safari hii fremu imekaa wiki nzima juu ya kabati, naipita kila asubuhi naimeza mate.

Leo nimefunga. Hakuna ukungu. Taa ya kushoto bado ni kromu, sijaifungua, kwa hiyo kwa sasa gari langu limepaka wanja jicho moja.