Jumamosi moja klabuni Kigoma, kuanzia saa nane mchana

Klabu za Dar zinasubiri mshahara. Za Kigoma zinasubiri mshahara na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika na vijana wa Kibirizi na Katonga wanapanda mjini na hela ya giza lililopita. Jumamosi ya mbalamwezi oda ya bia inaongezwa, ya giza inapunguzwa. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kalenda hiyo ilikosa maana kabisa. Jumamosi ya hapa chini ni ya mbalamwezi.

Saa nane mchana. Kwanza sakafu. Bia iliyomwagika jana imeshakuwa gundi, na maji baridi hayaitoi. Ni maji moto yenye sabuni ya unga, brashi ngumu, halafu maji safi mara mbili. Sabuni ikibaki, saa sita usiku mtu atateleza nayo. Chupa tupu zinarudi kwenye kreti za kampuni yake, maana kreti iliyochanganywa msambazaji haipokei, na amana ya chupa ni hela kama hela nyingine.

Friji zinapakiwa saa hii hii, si jioni. Chupa ya nusu lita iliyotoka stoo ikiwa na joto la Kigoma inataka saa tano au sita kupoa sawasawa ndani ya friji iliyojaa, kwa sababu chupa zilizobanana hazipitishi hewa. Za zamani zinavutwa mbele, mpya zinaingia nyuma. Wanaokimbilia dip friza wakumbuke kwamba bia ya kawaida huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na ikiganda chupa inapasuka. Tena kreti kadhaa zibaki nje ya friji kwa makusudi. Mhudumu wa hapa akisikiliza oda lazima aulize "baridi au moto?", na wa moto ni wengi kuliko mgeni anavyodhani. Kaunta isiyo na bia ya moto inapoteza wazee wote, na wazee ndio wanaolipa bila kelele.

Saa kumi. Umeme. Mkoa huu ulikaa miaka mingi ukitegemea majenereta ya dizeli, na watu wa klabu bado wana mazoea ya wakati ule, mazoea mazuri tu. Uniti za LUKU zinanunuliwa sasa na tokeni inaingizwa sasa. Mita ikizima saa saba usiku wateja hawajui kama ni TANESCO, shirika la umeme, au ni wewe, ila jirani yako mwenye taa zinazowaka anajua.

Jenereta ya kVA 20 haitoi kilowati 20; kwa kawaida hesabu ni 16, na si busara kuivusha 12 au 13 kwa muda mrefu. Friji, taa, feni na amplifaya zinajumlishwa, na kumbuka kompresa ya friji inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishakolea. Ndiyo maana friji zote zikiwashwa pamoja jenereta inakohoa. Utaratibu ni huu: pima oili, washa bila mzigo, iache dakika tano, geuza swichi kutoka TANESCO kwenda jenereta, kisha ingiza friji moja moja, na amplifaya mwisho. Kwa mzigo wa robo tatu inakunywa lita 4 hivi za dizeli kwa saa. Dumu la lita 20 linakwisha kwa saa tano, halikuvushi usiku mzima. Umeme ukirudi, usigeuze papo hapo. Subiri dakika tano, maana mara nyingi unarudi, unapanda, unakatika tena, na kinachoungua huwa ni ubao wa saketi wa friji.

Saa kumi na moja. Muziki unajaribiwa ukumbi ukiwa mtupu. Mpangilio: laptopu na kontrola, mikisa, krosova (inayotenganisha besi na sauti nyembamba), amplifaya, spika. Kuwasha ni kwa mpangilio huo huo, amplifaya mwisho. Kuzima ni amplifaya kwanza. Anayegeuza utaratibu huu atasikia mshindo kwenye spika za besi, na mshindo wa namna hiyo ukirudiwa kila wiki unalegeza koili ya spika.

Spika za besi zinapewa sauti za hezi 100 hivi kwenda chini tu, na chini ya 35 zinafungiwa, kwa sababu kule karibu hakuna muziki wa kusikika, kuna koni inayohangaika tu. Kama besi mbili zikiwaka pamoja zinasikika dhaifu kuliko moja, waya wa mojawapo umegeuzwa chanya na hasi: moja inasukuma, nyingine inavuta. Ni kosa la kawaida baada ya spika kukodishwa harusini na kurudi. Mvumo wa "mmmm" usiokoma mara nyingi unatoka kwenye chaja ya laptopu, ichomoe usikilize. Dawa yake ni DI boksi, kiboksi cha kukata mvumo, kati ya laptopu na mikisa. Kukata pini ya ethi, ile inayopeleka umeme uliovuja ardhini, ni kuutoa mvumo na kumweka DJ kwenye hatari ya kupigwa shoti.

Vumbi jekundu la Juni hadi Septemba linaziba chujio za amplifaya. Zikizibwa inapata joto, inajizima, inapoa, inawaka tena, na DJ analaumu umeme. Chujio zioshwe kila wiki kiangazi.

Kuna jambo jingine la saa hii, nalo halina mzaha: ukuta. Klabu nyingi zinabandika magodoro kuzuia sauti isiwafikie majirani, na majirani wana haki, kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, wanazisimamia. Lakini sponji ya godoro inawaka haraka na moshi wake ni sumu. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, fataki za jukwaani zilishika sponji ya dari ndani ya klabu iitwayo Kiss, wakafa watu 242. Sufi ya mawe nyuma ya mbao inazuia sauti vizuri zaidi. Spika zielekezwe ndani na chini, besi zisigusane na ukuta, na mnyororo wa mlango wa nyuma utolewe kabla mteja wa kwanza hajaingia.

Saa mbili usiku. Milango wazi. Mlangoni mabaunsa wawili na dada mmoja wa kupekua wanawake. Chini ya miaka 18 haingii hata akija na kaka yake. Kila mhudumu anapewa floti, yaani hela ya kuanzia, na kuisainia. Anachotoa kaunta anakilipia pale pale, kisha anamdai mteja. Chupa tupu hazitolewi mezani hadi bili ilipwe, kwa sababu chupa ndizo ushahidi. Wageni wanaona uchafu. Sisi tunaona risiti.

Malipo ya simu yanathibitishwa kwenye simu ya kaunta, kamwe si kwenye simu ya mteja. Meseji feki zinaandikwa vizuri siku hizi, hadi nukta na mkato.

Saa nne hadi saa nane. Hapa ndipo DJ anapokula mshahara wake. Saa nne ni rhumba, kwa sauti ya kuruhusu watu kuzungumza. Wateja wa Kigoma wamekulia na muziki wa ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo usimkatie mtu wimbo kabla ya sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Atakuja kaunta kulalamika, na atakuwa na haki. Saa tano na nusu Bongo Fleva, saa sita amapiano, saa saba singeli.

Ugumu ni kuvuka. Amapiano iko kwenye mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, singeli inapita 200. DJ mchanga anakata ghafla, ukumbi unasimama. Mwenye ujuzi anatafuta singeli ya 224 hivi, anaiweka juu ya amapiano ya 112, pigo moja kwa mawili, besi ya kwanza anaitoa taratibu, na watu wanajikuta wanaruka bila kujua waliruka saa ngapi. Ufundi huu wa kuunga nyimbo bila pengo ulikomazwa kwenye klabu za Marekani za miaka ya 1970, nyingi zikiwa za watu wa mapenzi ya jinsia moja. The Warehouse ya Chicago ilifunguliwa 1977, wateja wake wengi wakiwa wanaume weusi na Walatino wa jamii hiyo, na DJ wake Frankie Knuckles alilea pale muziki wa house ambao, kupitia Afrika Kusini, ndiyo damu ya amapiano. Paradise Garage ya New York, 1977 hadi 1987, ndiyo iliyoonyesha kwamba fundi sauti ana cheo sawa na DJ: Larry Levan akipiga, Richard Long akijenga spika. Wenye klabu wetu wengi bado wanamlipa fundi sauti nauli ya bodaboda.

Kufikia saa saba masikio ya kila mtu yamechoka na DJ anaongeza sauti. Taa nyekundu ya amplifaya ikiganda badala ya kupepesa, twita, spika ndogo za sauti nyembamba, ziko njiani kufa. Punguza mikisa, usipunguze amplifaya. MC naye asisimame mbele ya spika akiwa na maiki, ule mlio mkali wa kupasua masikio unaanzia hapo.

Saa tisa na nusu. Kaunta inafungwa kwanza, muziki baadaye. Sauti inashushwa kidogo kidogo kwa dakika kumi na tano, taa nyeupe zinapanda polepole. Ukizima kwa mkupuo, ugomvi unahamia mlangoni.

Saa kumi alfajiri. Hesabu: stoku ya mchana, jumlisha iliyoingia, toa iliyobaki, hiyo ndiyo iliyouzwa, zidisha kwa bei. Iliyovunjika inakubaliwa kama shingo ya chupa ipo na kizibo chake. Pasipo shingo ni shoti, yaani upungufu wa hela, na shoti hiyo ni ya mhudumu. Utaratibu mkali, ila ni afadhali kuliko kumkata kila mtu bila ushahidi. Hela inahesabiwa na watu wawili, inafungwa kwenye bahasha yenye saini mbili. Kwenye daftari la stoo anaandikiwa mtu wa mchana: dizeli imebaki kiasi gani, friji ipi haipoi, spika ipi inakwaruza.