Vizibo vinne: nilivyojifunza kusoma maumivu ya binti yangu

Binti yangu alikuwa na miaka mitano na kilo 16 alipopasuliwa kichwa hapa Lubumbashi, Kongo. Uvimbe ulikuwa nyuma, kwenye ubongo mdogo, ile sehemu inayomwezesha mtu kusimama bila kuyumba. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiamka kichwa kinamuuma, anatapika, kisha ikifika saa nne anacheza na wenzake. Tulimtibu malaria mara tatu na minyoo mara mbili, mpaka alipoanza kutembea kama mlevi. Hayo ya kutafuta skana na pesa ni hadithi nyingine. Nataka kusimulia siku zilizofuata upasuaji, maana hakuna aliyenidokezea habari zake.

Usiku wa kwanza alikuwa kimya, nami nikamshukuru Mungu. Daktari alikuwa amechoma dawa ya ganzi kandokando ya kidonda, kwa hiyo jioni yote mtoto alilala. Kwenye saa tano usiku ganzi ikaisha. Hakulia. Alikaza shingo, akakunja vidole vya miguu, macho yakakodolea dari. Nikamwita muuguzi wa zamu. Umeme ulikuwa umekatika, akamulika kwa simu, akasema: "Ba mama, mutoto ametulia. Tena ubongo hausikii maumivu, muulize daktari yeyote."

Asubuhi nikamuuliza kweli. Daktari alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akaniambia ubongo wenyewe hausikii maumivu, hilo ni kweli. Lakini mpaka uufikie umekata ngozi ya kichwa, umepita kwenye utando unaoufunika, na kwa huyu wangu misuli ya shingo ilikatwa ikashonwa. Vyote hivyo vinauma. Mtoto aliyepasuliwa nyuma ya kichwa anaweza kutulia tuli kwa sababu moja tu: akijitikisa anaumia.

Sijawahi kujilaumu kama siku ile. Nilikuwa nimekaa usiku mzima pembeni ya mtoto anayeteseka, nikidhani amelala macho wazi.

Aliyetuokoa ni mhudumu wa dawa za ganzi na usingizi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya. Alikuja na vizibo vinne vya bia ya Simba, amevichemsha, akavipanga kwenye shuka. "Hivi ni vipande vya maumivu," alimwambia binti yangu. "Kimoja ni maumivu kidogo. Vinne ni maumivu makali kabisa. Wewe una vingapi?" Mtoto akavitazama muda mrefu, kisha akavisukuma vitatu kwangu kwa kidole kimoja. Nkambo wake (ndivyo tunavyowaita babu na bibi), mtu wa kanisa hasa, alinong'ona kwamba vingekuwa vya sukre, yaani soda, ingekuwa afadhali. Lakini mwanangu hatimaye alikuwa na namna ya kusema.

Nilinunua kaye ya shule, yaani daftari. Ukurasa mmoja kwa siku: saa, vizibo vingapi, dawa gani, na vizibo vingapi nusu saa baadaye. Kaye ndiyo iliyofichua kasoro. Kwenye karatasi ya dawa parasetamoli ilikuwa imeandikwa apewe "akiumia". Sasa mtoto asiyelia anaumia saa ngapi? Ukurasa wa siku ya kwanza ulionyesha mara mbili tu kwa saa 24. Nikampelekea daktari, akafuta, akaandika kila baada ya saa sita, aumie asiumie. Kwa kilo zake ilikuwa miligramu 240, yaani 15 kwa kila kilo, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Simu yangu ililia saa hizo kama adhana. Ukisubiri maumivu yapande ndipo utoe dawa, unayakimbiza bila kuyafikia.

Siku mbili za mwanzo alipewa pia mofini, dawa kali ya maumivu, kidogo kidogo, kwa mshipa. Hapo nilielewa kwa nini madaktari wa kichwa wanaiogopa. Inaleta usingizi, inapunguza pumzi, inafanya mboni za macho kuwa ndogo, na hayo ndiyo mambo wanayokuja kuyapima na tochi kila saa ili wajue kama ndani kuna damu inavuja. Ukimpa nyingi, humjui aliyelala na anayezama. Kwa hiyo walimpa ndogo, wakamwangalia sana. Sikulalamika tena walipomwamsha saa nane za usiku wamuulize jina lake.

Mambo mengine tuliyafanya kwa mikono. Kichwa kilitakiwa kiinuke kidogo, ila kitanda hakikuwa na mkono wa kuzungushia, basi mume wangu akaleta matofali mawili na kuyaweka chini ya miguu ya upande wa kichwani. Shingo tuliiegemeza kwa kikwembe (kitenge) kilichoviringwa, pande zote mbili. Kumgeuza tulikuwa wawili, kichwa na mabega pamoja kama ubao. Na tulimgeuza nusu saa baada ya dawa, si kabla. Hilo peke yake lilipunguza kizibo kimoja, kaye inashuhudia.

Siku ya nne vizibo vilirudi vitatu, nikashtuka. Kumbe ni choo. Mofini inafunga tumbo, naye alipojikamua kichwa kilimpasuka. Papai, maji mengi, na sirapu ya kulainisha choo waliyotuandikia, likaisha kesho yake. Nani angefikiria kwamba dawa ya kichwa ni papai?

Nikiri pia kwamba siku ya sita alinidanganya. Alisukuma vizibo vinne huku akitabasamu, kwa sababu sirapu ya parasetamoli ilikuwa tamu. Nilifurahi kama nimeokota pesa.

Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto wa miezi saba, amewekewa mrija wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni. Mama yake aliniomba vizibo, lakini mtoto wa umri huo atavitumiaje? Mama wa ganzi akamfundisha kutazama vitu vitano: uso umekunjamana au la, miguu imelegea au inapiga, mwili umetulia au unajipinda, kilio, na kama akibebwa anabembelezeka. Kila kimoja sifuri mpaka mbili, jumla kumi. Akamkumbusha kuwa mtoto yule ana vidonda viwili, na cha tumbo husahaulika. Nilimgawia nusu ya kaye yangu. Wakati wa kumfungua bandeji alimnyonyesha, na kweli alilia kidogo tu.

Sasa ndugu na jamaa, wenye nia njema. Mjomba alileta sirapu ya kikohozi yenye kodeini, "inatuliza kabisa". Daktari akaikataa mbele yake. Miili ya baadhi ya watoto huigeuza kodeini kuwa mofini haraka mno, pumzi ikasimama. Mwaka 2017 Marekani ilielekeza isipewe walio chini ya miaka 12, pamoja na tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, ambayo kwetu unaipata hata kwa anayeuza mezani barabarani. Jirani naye akaja na diklofenaki, nayo dawa ya maumivu. Hapana, alisema daktari, hizo na aspirini zinaweza kuchochea damu kutoka, na jeraha la ndani bado bichi.

Lakini kosa kubwa nusura nilifanye mwenyewe. Tuliruhusiwa siku ya 11. Chupa ya sirapu ya parasetamoli iliisha, nikanunua nyingine famasi ya mtaani kwetu Katuba, sanduku linafanana. Nilikuwa nimeshavuta mililita 10 kwenye sirinji nilipoona namba: miligramu 250 kwa mililita 5. Ya hospitali ilikuwa 120. Ningempa zaidi ya maradufu, mara nne kwa siku, na ini lake lingelipa. Nilikaa chini. Tangu hapo hakuna sirapu inayoingia nyumbani bila kusomwa kwa sauti, na kijiko cha chai kimestaafu.

Daktari alitupa pia onyo moja, nikaliandika ndani ya jalada la kaye: maumivu ya kidonda hupungua siku hadi siku. Kichwa kikirudi kuuma kwa nguvu, hasa asubuhi pamoja na kutapika, au mtoto akawa mgumu kuamka, akapata degedege, homa, au kidonda kikatoa maji, usiyafunike hayo kwa sirapu. Mlete, hata iwe usiku wa manane.

Hatukulazimika. Nywele zimeanza kuota, na juzi nilimkuta akijikuna kovu nyuma ya shingo. Nikakimbilia vizibo. Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto.

"Inawasha tu, mama. Kuwasha hakuna vizibo."