Jioni mzee alipokuja kula steki

Baba yangu kachoma nyama maisha yake yote kwenye moto wa wazi, mkaa chini wavu juu, macho kwenye nyama na kiganja juu ya wavu kupima joto, na anajua kweli, sijawahi kumuona akiunguza kipande hata kimoja. Ndo maana ile jioni alipofika kwangu na mama, akanikuta uwani namwaga mkaa kwenye jiko la kauri, alilizunguka akiwa kanyamaza. Ni jiko zito la mviringo kama yai kubwa, kuta zake nene, mfuniko wa bawaba, tundu la hewa chini na lingine juu kabisa. Akagonga ubavuni kwa kidole akasikiliza, afu akauliza, "Sasa mwanangu, ukishafunika hapa nyama utaionaje?"

Nikamwambia, baba, hapa nyama haiangaliwi, unaangaliwa moto. Akaguna tu.

Alitaka kujua limetoka wapi nikamweleza ninachojua, kwamba majiko ya namna hii asili yake Japani, yanaitwa kamado, wanajeshi wa Marekani waliokuwa huko baada ya Vita Kuu ya Pili wakayapenda wakayabeba kwenda kwao, na mwaka 1974 jamaa mmoja kule Atlanta akaanzisha Big Green Egg ambayo ndo ilifanya watu wengi wayajue. Ya zamani yalikuwa ya udongo wa kawaida na yalikuwa yanapasuka, haya ya sasa ni kauri inayostahimili moto mkali. Hapo kwenye kupasuka mzee alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa, maana vyombo vya udongo anavijua.

Mama yeye alikuwa jikoni ndani, kafungua friji kakuta steki zangu ziko juu ya kiwavu hazijafunikwa, akaniita, "We, mbona nyama umeiacha ikauke?" Nilikuwa nimezipaka chumvi usiku wa jana yake. Chumvi kwanza inavuta maji nje ya nyama, ukiangalia baada ya dakika kadhaa unaona matone yamesimama juu, afu taratibu yale maji yenye chumvi yanarudi ndani, na asubuhi uso wa nyama ni mkavu, rangi imekolea, ukigusa kidole kinatoka hakina hata unyevu. Huo ukavu ndo nilikuwa nautafuta. Nyama yenye maji juu inatumia moto wote kukausha maji badala ya kupata rangi, na mimi nikishika steki ya ubavu yenye unene wa sentimita 4 na mafuta yamepita katikati vizuri naona ni dhambi kuiweka kwenye moto ikiwa imelowa.

Shida kubwa ya jioni ile ilikuwa moja, mzee na mama hawali nyama yenye wekundu. Mimi na mke wangu tunapenda ya pinki katikati. Nilijaribu kumwambia baba kwamba ile siyo damu, damu ilishatoka mnyama alipochinjwa, yale ni maji ya nyama na protini inaitwa mayoglobini inayotunza oksijeni kwenye msuli, ndo inayotia wekundu, na joto likipanda inageuka kahawia. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sawa, basi ya kwangu igeuke yote." Sikubishana. Mzazi kaja kula kwako anakula anavyotaka, na mimi siamini kabisa ile habari kwamba steki iliyoiva yote lazima iwe kavu kama adhabu. Inakauka kwa sababu watu wanaiivisha kwa moto mkali mwanzo mwisho, mpaka katikati ifike nyuzijoto 70 za Selsiasi huku nje kote imeshapita 90, nyuzi zimejikunja zimekamua maji yote. Ukienda taratibu nje na ndani vinapanda karibu pamoja.

Kwa hiyo nilianza na moto mdogo. Mkaa niliotumia ni wa miti, vipande vikubwa, nikawasha kwa kipande cha nta katikati, mafuta ya taa sigusi kwenye jiko hili maana harufu yake inakaa kwenye kauri na utaila kwenye nyama. Niliacha wazi kidogo mpaka vipande vya kati vikashika, nikaweka kibao cha kauri juu ya moto ili nyama isipigwe na miali moja kwa moja, wavu juu yake, nikafunga mfuniko. Sasa hapa ndo pana siri ya jiko hili na mzee nilimwita aone. Kipimajoto cha mfuniko kilipofika 80 nikaanza kubana, tundu la chini nikaliacha upana wa kidole, la juu likabaki mwanya tu. Akashangaa, "Si ulisema unataka 110?" Ndiyo, ila ukisubiri ifike 110 ndo ubane utakuwa umechelewa, zile kuta zikishameza joto la 150 au 160 hazilitemi leo, unaweza ukakaa zaidi ya saa nzima unasubiri lishuke. Kwenye moto wa wazi unasogeza makaa pembeni mambo yanaisha. Huku unawahi mapema.

Lilikwenda taratibu likasimama 115 na likabaki hapo hapo. Mzee akaangalia mshale, akaondoka, akarudi, ukawa palepale. Hilo lilimgusa, nilimuona.

Nikaweka steki mbili za kwao kwanza, na za kwetu tatu baada ya kama dakika 20, maana mdogo wangu naye alisema anakuja. Kila baada ya muda mfupi mzee ananyanyuka anataka kufunua, mkono unakwenda kwenye mpini wenyewe, ni mazoea ya miaka. Nikafikiria, afu nikachomeka sindano ya kipimajoto cha waya kwenye steki yake, waya ukatoka nje, kile kiskrini nikampa yeye akishike mkononi. Basi akakaa. Akavaa miwani akawa ananisomea, "Arobaini na moja... arobaini na mbili... bado mbili... mama njoo uone, tatu." Yani kutoka hapo hakunyanyuka tena, na mimi nikawa na amani, kwa sababu kila ukifunua unaingiza hewa na moto unaamka.

Za kwetu nilizitoa ndani ikiwa 50, za kwao nikazitoa 64, zote nikaziweka kwenye sinia zipumzike. Zilikuwa hazivutii kabisa saa hiyo, rangi ya kijivu kijivu. Mzee akaziangalia, "Hizi zimechemshwa." Nikamwambia subiri baba, bado.

Nikavaa glavu nene nikatoa kile kibao, nikafungua matundu yote mawili mpaka mwisho. Ukilipa jiko hili hewa linabadilika kabisa, unasikia linavuta, uuuu, mshale unapanda huku unauona, 200, 250, ukafika 320. Mama alikuwa bado anaandaa meza kwa hiyo nikabana matundu kidogo moto usipitilize. Hapo mzee akaweka skrini chini akaenda moja kwa moja kwenye mpini.

Nilimshika mkono. "Baba, hapana, subiri."

Moto mkali uliobanwa hewa unakuwa na njaa, gesi zimejaa mle ndani hazijaungua, ukifunua ghafla hewa inaingia kwa pamoja na mwali unaruka juu unakukuta usoni na mikononi. Nikamwambia asogee pembeni, nikanyanyua mfuniko upana wa vidole viwili tu nikashikilia hapo, ikasikika fuu, ulimi wa moto ukachungulia ukingoni upande wa mbele ukarudi ndani. Nikasubiri kidogo, nikarudia, ndo nikafungua wote. Mzee alikuwa kasimama kakunja mikono. "Kumbe linapumua," akasema, na ile sauti haikuwa tena ya mtu anayenipima.

Kuchoma kwenyewe sasa ni dakika moja kila upande. Steki zimegusa wavu, mlio, moshi, mafuta yanadondoka miali inaruka, nafunga mfuniko inazimika kwa kukosa hewa, nageuza. Ule ukavu wa uso ndo unalipa hapa, rangi inakuja ndani ya sekunde, kahawia iliyokolea, harufu ile ambayo hata aliyeko chumba cha mwisho anatoka. Ule ukingo wenye mafuta nikausimamisha kwa koleo mpaka ukatoa mapovu ukawa wa dhahabu. Pilipili manga nilitia baada ya kutoa, ukiitanguliza kwenye joto lile inaungua inakuwa chungu. Kipimajoto, za kwao 70, za kwetu 55.

Mezani baba alikata yake katikati kwanza akainamia kuchungulia. Kahawia yote, hamna wekundu, ila maji ya nyama yakatiririka kwenye sahani. Akala. Hakusema kitu mpaka alipofika nusu, akasema, "Hii laini," akaendelea. Mama akaomba kipande cha ya mke wangu, kidogo cha pembeni, afu akaomba kingine ambacho si cha pembeni. Mzee anaangalia tu.

Mdogo wangu akapiga simu kwamba hatofika. Ikabaki steki moja kwenye sinia, ile iliyotolewa 50. Kabla sijasema lolote mzee kashasimama, kavaa glavu, "Hii nachoma mimi." Nikamuachia. Kauri ilikuwa bado imejaa joto, alifungua tundu la chini akasubiri mpaka akasikia linavuta, akanyanyua mfuniko vidole viwili, akangoja, akarudia, akafungua. Nyama akaiweka na hapo mikono yake ikarudi kwenye kazi inayoijua, aligeuza kwa wakati ambao mimi ningegeuza bila kuangalia saa. Akachomeka sindano mwenyewe. Sitini. Nikamwambia baba ndani bado ina pinki hiyo, akasema najua, nimeona namba. Akaikata vipande vyembamba kukatisha nyuzi, akala viwili akatugawia vingine.

Usiku nilifunga matundu yote, juu na chini. Akauliza mkaa unaendelea kuungua? Nikamwambia unazimika, hauna hewa. Asubuhi nimeamka nakuta kashafungua jiko, anakung'uta majivu kwa kijiti, zaidi ya nusu ya mkaa bado vipande vizima, kavipanga vikubwa chini vidogo juu.

"Nyama nyingine ipo?" akaniuliza.